Wavu, Mvuvi na Bahari: Uhakiki wa Falsafa ya Fizikia ya Arthur Eddington

Katika mafundisho ya falsafa ya sayansi kuna maneno mawili ambayo wanafunzi wetu huyapokea mapema na kuyatumia kwa wepesi mno: ujarabati na udhanifu. La kwanza hufafanuliwa kuwa ni imani ya kwamba maarifa yetu yote yatokana na mambo tuyaonayo na kuyajaribu; la pili, kwamba akili ndiyo iupayo umbo, kwa kiasi kikubwa au kidogo, ulimwengu iujuao. Ufafanuzi huo si mbaya, lakini una kasoro moja. Humfanya mwanafunzi adhani kuwa wataalamu wamejipanga safu mbili zikabiliazo, na kwamba kazi ya mhakiki ni kuuliza tu nani yuko upande upi. Mambo hayakuwa hivyo kwa wale walioifanya kazi yenyewe, khasa katika fizikia ya kihisabati, ambamo mtu mmoja aweza kusafiri baharini kwa majuma mengi ili akapime nuru ya nyota chache, kisha miaka ishirini baadaye akadai kuwa sheria za msingi za maumbile zingeweza kujulikana pasipo kupima chochote.

Mtu huyo alikuwa Arthur Stanley Eddington (1882–1944), profesa wa elimu ya nyota katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Kitabu chake, The Philosophy of Physical Science, kilitokana na mihadhara ya Tarner aliyoitoa katika Chuo cha Trinity mwaka 1938, nacho kilichapishwa mwaka 1939. Wanafizikia wengi wa zama zake walikipokea kwa mashaka, na wengine kwa dhihaka. Leo kinatajwa zaidi kuliko kinavyosomwa. Katika makala haya nakusudia kukihakiki kwa kuushika mfano wake mmoja mashuhuri, mfano wa wavu, na kuufuata hadi mwisho. Nitajaribu kuonyesha kwamba mfano huo una ukweli mwingi kuliko wapinzani wake walivyokuwa tayari kukubali, lakini kwamba ukifuatwa kwa uaminifu wamgeukia mwenyewe aliyeutunga.

I. Mfano wenyewe

Eddington atutaka tumfikirie mtaalamu wa samaki achunguzaye viumbe vya baharini. Mtaalamu huyu atupa wavu wake, auvuta, akipanga kile alichokipata, na baada ya kurudia kazi hiyo mara nyingi atoa kanuni mbili. Ya kwanza: hakuna kiumbe cha baharini chenye urefu wa chini ya inchi 2. Ya pili: viumbe vyote vya baharini vina matamvua. Mtazamaji mmoja ampinga kuhusu kanuni ya kwanza. Baharini, asema, mna viumbe tele vilivyo vidogo kuliko inchi 2, ila wavu wako hauwezi kuvishika. Mtaalamu hababaiki. Ajibu kwamba kitu kisichoweza kunaswa na wavu wake kiko nje ya mpaka wa elimu yake. Kwa ufupi, kisichonaswa si samaki.

Maana ya mfano ni wazi. Wavu ni vyombo vyetu vya kupimia, pamoja na hisi na fikra tuvitumiavyo katika kuyapokea maumbile. Kuutupa wavu ni kuangalia na kupima. Mavuno ni maarifa ya fizikia. Sasa, asema Eddington, ile kanuni ya inchi 2 ingaliweza kujulikana na mtu asiyepata kuiona bahari, lau angaliyapima macho ya wavu tu. Tena, kanuni ijulikanayo kwa njia hiyo ina uthabiti ambao kanuni ya matamvua haina. Maadamu wavu ni ule ule, mavuno ya kesho hayawezi kuikanusha. Bali kanuni ya matamvua yaweza kuanguka wakati wowote, akitokea kiumbe mmoja tu wa namna nyingine.

Hadi hapo hakuna wa kumpinga. Lakini Eddington hakuishia hapo. Alidai kuwa sheria zote za fizikia zihesabiwazo kuwa za msingi, pamoja na namba zake za msingi, ni za namna ya kwanza: zote ni alama za macho ya wavu, si habari za bahari. Mwenye kuchunguza kwa makini namna tujuavyo angeweza kuziandika zote kabla ya jaribio lo lote.

Isidhaniwe kwamba alikana kuwapo kwa bahari. Hakusema kuwa samaki huumbwa na mvuvi. Alisema kuwa nafsi huchagua, na kwamba uchaguzi huo huacha alama zake katika kila kinachovuliwa. Kwa jambo hilo alikuwa karibu na Immanuel Kant, aliyefundisha kuwa akili huleta maumbo yake katika kila ikionacho. Tofauti ni kwamba Kant aliyatafuta maumbo hayo katika akili ya binadamu kwa jumla, bali Eddington aliyatafuta katika kazi mahsusi ya mwanafizikia: vipimo vyake, hisabati yake, na desturi yake ya kuugawanya ulimwengu katika chembe zilizo sawasawa.

II. Mvuvi aliyeijua bahari

Kabla ya kuipima hoja hii yafaa tukumbuke ni nani aliyeitoa. Hakuwa mtu wa chumbani asiyepata kuushika wavu. Tarehe 29 Mei 1919 Eddington alikuwa katika kisiwa cha Principe, karibu na pwani ya Afrika ya Magharibi, pamoja na Edwin Cottingham, akingoja kupatwa kwa jua. Kundi la pili lilikuwa Sobral, katika nchi ya Brazil. Nia ya makundi yote mawili ilikuwa moja: kupima kadiri nuru ya nyota ipindwavyo ipitapo karibu na jua. Kwa mujibu wa nadharia ya Albert Einstein mpindo huo ulipaswa kuwa sekunde 1.75 za pembe. Kwa hesabu iliyotokana na Newton, nusu yake, yaani sekunde 0.87. Msomaji akumbuke kuwa digrii moja ina sekunde 3,600, apate kuona udogo wa kitu kilichotafutwa.

Kule Principe mawingu yaliwasumbua, na katika picha 16 zilizopigwa ni chache mno zilizokuwa na nyota za kutosha. Hesabu zilipomalizika, picha za Principe zilitoa 1.61, na darubini ndogo ya Sobral ilitoa 1.98. Lakini huko Sobral palikuwa na darubini nyingine, na hiyo ilitoa 0.93, jibu lililokaribia lile la Newton. Waandishi wa ripoti, Frank Dyson, Eddington na Charles Davidson, hawakuyapa uzito majibu ya darubini hiyo, kwa sababu taswira za nyota zilikuwa zimefifia, na walishuku kuwa joto la jua lilikuwa limekiharibu kioo chake. Tarehe 6 Novemba 1919 ikatangazwa London kuwa Einstein ameshinda.

Baadhi ya waandishi wamekitumia kisa hiki kuwa ushahidi kwamba Eddington aliona alichotaka kuona. Mimi sikubaliani nao. Picha zilizokataliwa zilikataliwa kwa kasoro iliyoonekana katika picha zenyewe, na zilipopimwa upya kwa mashine mwaka 1979 zilielekea upande wa Einstein. La muhimu kwetu ni jingine. Katika kisa hiki wavuvi walikuwa na nyavu tatu, wala si mmoja. Na walijua kuwa mmoja umeharibika kwa kuyatazama mavuno yake na kuyalinganisha na mavuno ya zile nyingine. Hakuna aliyelijua jambo hilo kwa kuitazama darubini kabla ya safari. Eddington wa mwaka 1919 alilijua hilo vema. Swali ni kwa nini Eddington wa mwaka 1939 alilisahau.

III. Hesabu ya 136

Falsafa ya wavu haikubaki maneno matupu. Katika fizikia kuna namba moja ambayo huonyesha nguvu ya mshikamano baina ya nuru na chembe zenye umeme. Haina kipimo cho chote: hupati namba nyingine ukipima kwa futi badala ya mita. Ikigeuzwa juu chini huwa karibu na 137. Kwa mjarabati, namba hii ni kama idadi ya visiwa katika bahari fulani, huhesabiwa, haibuniwi. Kwa Eddington ilikuwa kama jicho la wavu, na kwa hiyo yapaswa kupatikana kwa kufikiri.

Mwaka 1929 alitoa hesabu yake. Chukua jedwali la mraba lenye safu 16 na mistari 16, ambalo nusu yake ya juu ni sawa na nusu yake ya chini. Namba zilizo huru katika jedwali hilo ni 136, kwa kuwa 16 mara 17 ukigawanya kwa 2 hupata 136. Jedwali la namna hiyo, alidai, halina budi kutokea kila tunapozilinganisha chembe mbili kwa hisabati ya nadharia mpya. Basi namba yetu ni 136. Kwa bahati mbaya vipimo vilikuwa vikielekea 137. Baada ya muda mfupi Eddington akapata sababu ya kuongeza moja.

Wenzake hawakumstahi. Mwaka 1931 vijana watatu, Guido Beck, Hans Bethe na Wolfgang Riezler, walifaulu kuchapisha katika jarida la Die Naturwissenschaften la Ujerumani makala mafupi ya mzaha, ambamo kwa hoja za kuigiza zile za Eddington waliunganisha namba hii na joto la chini kabisa, digrii 273 chini ya sufuri, kwa kuwa 2 mara 137 ukitoa 1 ni 273. Wahariri hawakung'amua mpaka baadaye. Mzaha ulikuwa mkali, lakini mzaha si hoja. Kama sababu ya kuongeza moja ilikuwa nzuri, hakuna aibu kuwa ilichelewa.

Kosa liko mahali pengine, nalo ni la kifalsafa. Ni nani aliyemwambia Eddington kuwa hesabu ya kwanza imepungua? Si wavu. Wavu ulikuwa umekwisha kupimwa, na jibu lilikuwa 136. Aliyemwambia ni bahari. Mtu adaiye kuwa aweza kujua ukubwa wa samaki kwa kuyapima macho ya wavu, kisha akayapima upya kila aletewapo samaki wasiolingana na hesabu yake, yu mjarabati bila kukiri. Alifanya vivyo hivyo kuhusu uzito wa protoni ukilinganishwa na uzito wa elektroni. Aliandika mlinganyo wenye namba 10, 136 na 1, ambao majibu yake mawili, moja likigawanywa kwa jingine, hutoa 1847.6. Kipimo cha leo ni 1836.15. Naye alianza kutafuta masahihisho yangali hai, akiongozwa na vipimo vilivyokuwa vikibadilika.

Hata 137 yenyewe haikusimama. Vipimo vya siku hizi hutoa 137.036, na ile sehemu ndogo izidiyo namba kamili ni kubwa mno kuliko kosa la upimaji. Kadhalika katika kitabu hiki alitangaza idadi kamili ya protoni zote za ulimwengu, namba ya tarakimu 80 ipatikanayo kwa kuzidisha 136 na 2 iliyojizidisha mara 256. Tangu mwaka 1964, ilipotolewa nadharia ya kwaki, tumejifunza kuwa protoni si chembe ya msingi. Ina vijenzi ndani yake. Mwenye kuhesabu samaki wote wa bahari kwa kuutazama wavu alikuwa akihesabu vikapu.

IV. Waliompinga

Wapinzani wa Eddington hawakuwa na uzito mmoja, na mhakiki hana budi kuwapambanua.

Aliyepiga kelele zaidi ni Herbert Dingle. Katika jarida la Nature, mwezi wa Mei 1937, alimshambulia Eddington pamoja na Edward Milne na Paul Dirac, akisema wanairudisha sayansi nyuma ya Galileo, kwenye zama za kuamua mambo ya maumbile kwa akili tupu. Ugonjwa huo aliuita Uaristotle mpya. Jina hilo lilimdhulumu Aristotle, ambaye aliwachunguza wanyama wa baharini kwa bidii, hata akajua kuwa pomboo hupumua kwa mapafu wala hana matamvua. Tena, Dingle hakuonyesha ni wapi hoja ya wavu ilipokosea. Aliona tu kuwa inakwenda mahali pabaya. Katika miaka yake ya mwisho yeye mwenyewe alishikilia kuwa nadharia maalumu ya uhusianifu ya Einstein hujipinga yenyewe, akaandika kitabu kizima juu ya jambo hilo mwaka 1972, ijapokuwa ushahidi wa majaribio ulikuwa umekwisha kuwa mwingi. Basi bendera ya ujarabati haimkingi mtu na kosa alilowashtakia wengine.

Susan Stebbing, katika Philosophy and the Physicists cha mwaka 1937, alifanya kazi nzuri zaidi. Yeye alishughulika na lugha. Katika kitabu cha awali, cha mwaka 1928, Eddington alikuwa amesema kuwa ana meza mbili: ile ngumu aiandikiayo, na ile ya kisayansi ambayo karibu yote ni uwazi mtupu. Stebbing alionyesha kuwa meza ni moja, na kwamba neno gumu halipotezi maana yake kwa sababu fizikia imetueleza ugumu watokana na nini. Hoja hii ni ya kweli, lakini iliandikwa kabla ya mihadhara ya 1938, wala haigusi wavu.

Hoja iliyougusa ilitoka kwa Richard Braithwaite, aliyekihakiki kitabu hiki katika jarida la Mind mwaka 1940, akitumia jambo ambalo Max Newman alikuwa amelionyesha mwaka 1928 dhidi ya Bertrand Russell. Eddington alishika kuwa fizikia hutujulisha muundo tu: twajua mpangilio wa vitu, hatujui vyenyewe ni nini. Tuseme basi nimekuambia kuwa katika nyumba fulani mna vitu saba, na kwamba pana uhusiano fulani baina yao wenye umbo la mti wa ukoo. Nimekuambia nini? Ni kwamba vitu ni saba, basi. Vikiwa mawe saba, waweza kuyaoanisha kwa umbo hilo hilo kwa kutaka kwako tu. Habari huanza pale nisemapo ni uhusiano upi: kwamba huyu ni baba wa yule. Lakini ubaba haujulikani kwa muundo mtupu. Hujulikana kwa kuishi na watu. Eddington alijibu katika Mind mwaka 1941. Jibu lake lina ustadi wa hisabati, lakini kila anapolipa uzito wa kutosha huingiza kimyakimya habari za uhusiano upi, na habari hizo hazikutoka katika wavu.

V. Chambo kilicholiwa

Nimesema kuwa mfano wa wavu wamgeukia mwenyewe. Ushahidi wangu wa mwisho uko katika kitabu chenyewe, mahali azungumzapo juu ya nyutrino.

Mwaka 1930 Wolfgang Pauli alikuwa amedokeza kuwapo kwa chembe isiyoonekana, kwa sababu katika kuvunjika kwa baadhi ya viini vya atomu sehemu ya nishati ilikuwa ikipotea bila kujulikana yaendako. Eddington asema waziwazi kuwa haziamini chembe hizi. Lakini mara aongeza kuwa hathubutu kusema kwamba wafanyao majaribio watakosa werevu wa kuzitengeneza. Neno alilolichagua, kutengeneza, si la bahati. Sura nzima ya kitabu yauliza kama mwanafizikia hugundua ama hutengeneza, kama vile mtu auliziaye iwapo sanamu ilikuwamo ndani ya jiwe kabla ya mchongaji.

Eddington alifariki mwaka 1944. Mwaka 1956 Frederick Reines na Clyde Cowan, wakifanya kazi karibu na tanuri ya nyuklia ya Savannah River huko Marekani, walizinasa nyutrino kwa matangi ya maji yaliyotiwa kadimi na majimaji yatoayo nuru yakipigwa na mnururisho. Je, walizigundua ama walizitengeneza? Kwa mujibu wa mtaalamu wa samaki wa mfano, kabla ya 1956 nyutrino haikuwa samaki. Lakini mtu aliyekaa na wavuvi hatakubali usemi huo. Mvuvi wa mshipi akiuvuta na kukuta chambo kimeliwa, hasemi kuwa hakukuwa na samaki. Asema ndoana yake ni kubwa mno. Akiona ndege wakipiga mbizi mahali fulani, ajua pana dagaa, ijapokuwa ana jarife tu mkononi. Nishati iliyopotea ilikuwa chambo kilicholiwa. Kwa chambo hicho Pauli alijua, na kwa kukijua watu wakaufuma wavu mwingine.

Hapo ndipo penye kasoro ya mfano. Mtaalamu wa Eddington ana wavu mmoja, hajui ulifumwa na nani, wala hawezi kuubadili. Mvuvi wa kweli ana kimia, ana juya, ana jarife, ana dema na mshipi. Kila kimoja kilipata umbo lake kwa sababu kuna samaki waliowaponyoka wazee wake. Macho ya wavu si jambo lililotangulia bahari. Ni kumbukumbu ya mashindano marefu na bahari. Kwa hiyo atakayeupima wavu kwa makini atapata ndani yake habari za samaki, lakini ni kwa sababu habari hizo zilitiwa humo na wavuvi. Eddington alizisoma, akazidhani kuwa za akili tupu. Na ile kanuni ya matamvua, aliyoiona dhaifu, ndiyo yenye kufundisha zaidi: siku jarife litakapomnasa kasa au nguva itaanguka, na kwa kuanguka kwake tutakuwa tumejua jambo jipya juu ya bahari.

VI. Wavu wa lugha

Wasomaji wa jarida hili watauliza haya yote yawahusu nini. Sisi pia tuna nyavu. Mwaka 1952 Fred Householder, akikihakiki kitabu cha Zellig Harris kuhusu mbinu za isimu ya miundo, aliwagawa wanaisimu katika makundi mawili: wale waaminio kuwa lugha ina muundo wake ambao kazi yetu ni kuuvumbua, na wale waonao kuwa muundo ni kiinimacho cha mchunguzi. Swali lake ni lile lile la kugundua na kutengeneza.

Tuzitazame ngeli zetu. Mwenye kuhesabu umoja na wingi kuwa ngeli mbalimbali, kama ilivyo desturi tangu Wilhelm Bleek mwaka 1862, hupata idadi moja. Mwenye kuvioanisha hupata nusu yake au karibu. Mwenye kufuata upatanisho wa vitenzi peke yake hupata nyingine tena. Idadi, basi, ni alama ya wavu, na mwanafunzi abishanaye juu ya idadi hiyo kana kwamba ni habari ya lugha ana haja ya kumsoma Eddington. Lakini kwamba msemaji husema kitabu kimeanguka, wala hasemi kitabu limeanguka, si alama ya wavu wo wote. Na kwamba husema kiboko ameanguka, ijapokuwa jina lina ki-, ni samaki ambaye wavu wa viambishi ulishindwa kumshika, na kwa sababu yake sarufi zikabidi zifumwe upya. Kazi ya mwanaisimu, kama ya mwanafizikia, ni kujua ni lipi ni lipi. Na hakuna njia ya kulijua hilo kabla ya kazi.

Jambo la mwisho lahusu yale maneno mawili niliyoanza nayo. Ujarabati watokana na mzizi mmoja na jaribu, na sikio la Mswahili husikia humo pia mujarabu, dawa iliyojaribiwa ikaponya. Udhanifu watokana na dhana. Na ijapokuwa wataalamu twaitumia dhana kwa maana ya wazo, msikilizaji husikia kudhani, yaani kusema bila hakika, na hata dhana mbaya. Basi kabla hoja haijaanza, lugha imekwisha kumsifu mmoja na kumtia doa mwingine. Hiyo si haki. Eddington alikosea, lakini hakukosea kwa kukisia. Alikosea kwa kutaka hakika kubwa kuliko ile ambayo fizikia yaweza kutoa. Mwanafunzi amwitaye mdhanifu na kupita hatauona ukweli aliokuwa nao, kwamba mavuno yetu yana alama za wavu. Wala hataiona hatari iliyo kinyume chake, ya mjarabati asiyejua kuwa ana wavu.

Sipendekezi maneno mapya. Yaliyopo yamekwisha kuenea, na neno likienea huwa gumu kung'oa. Napendekeza tu kwamba mwalimu anapoyafundisha asiishie kwenye fasili, bali amtie mwanafunzi mkononi kazi moja ya kweli, kama hii ya mwaka 1939, na amwambie aonyeshe, ukurasa kwa ukurasa, ni wapi mwandishi asemapo habari za wavu na ni wapi asemapo habari za bahari. Atakayeweza kufanya hivyo kwa kitabu cha Eddington hatashindwa kukifanyia vivyo hivyo kitabu cha sarufi.